Baba Hema, Aliyetuonyesha Wazazi Wetu Wanalala Wapi

Wasikilizaji wapendwa, aliyeko jikoni apunguze moto, aliyeko barabarani afunge kioo cha gari, na wewe mwenye watoto, waite wakae karibu. Leo namzungumzia mtu ambaye wao wangempenda kuliko wewe. Fundi mitambo, nishushie muziki kidogo. Hapo hapo. Asante.

Leo tunamkumbuka sajini mstaafu. Kazi yake jeshini ilikuwa mtunza stoo ya kambi. Alitunza mahema, vitanda vya kukunja, neti, kamba na vigingi. Alifariki wiki iliyopita, mchana, hospitalini, mkewe akiwa amemshika mkono. Tulimzika Jumamosi. Jeshini alikuwa na jina na namba, lakini sisi watoto wa kota za askari tulimwita Baba Hema, na watu wazima nao wakaishia kumwita hivyo hivyo. Nami nitamwita hivyo.

Nasema "sisi" kwa makusudi. Mimi ni mtoto wa kambini. Baba yangu alikuwa askari, dereva wa malori. Kwa hiyo leo msitegemee mtangazaji asiye na upande. Upande ninao, na nitauonyesha bila aibu.

Kwanza mjue Baba Hema alikuwa mtu wa namna gani. Alikuwa mrefu, mwembamba, na mkali wa kupindukia. Ukienda stoo kwake kuomba kipande cha kamba, ungedhani umemwomba figo. Atakuuliza ya nini, utairudisha lini, na kwa nini ile ya mwaka jana uliirudisha na fundo. Askari wenye miili ya kutisha walikuwa wanasukumana mlangoni kwake, kila mmoja anamwambia mwenzake atangulie.

Mkewe ni mshonaji. Sisi tunamwita Shangazi. Nilimtembelea juzi nikamkuta kwenye cherehani, anashona. Akasema mikono ikikaa bure ndipo machozi yanapopata nafasi. Akaniambia, "Mwanangu, naona watu wanakuja hapa wanamsifu kwa upole. Upole gani? Yule mtu alikuwa ananikagua hata nikitandika kitanda. Alikuwa mwema, hilo sikatai. Lakini mpole, hapana." Halafu akacheka mwenyewe, akafuta macho kwa kile kitambaa alichokuwa anakishona.

Sasa sikilizeni jambo lilivyoanza, maana lilianza na aibu.

Baba Hema alipelekwa nchi nyingine, na kikosi cha kulinda amani. Alimwacha binti yake wa pekee akiwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Safari ikaongezwa muda, ikaongezwa tena. Alipokuja kurudi, binti alikuwa na meno yote na maneno tele mdomoni. Shangazi alimwandaa tangu asubuhi. Akamvalisha gauni, akamsuka, akamwambia leo baba anakuja.

Baba akafika mlangoni, begi la kijani begani. Binti akamtazama. Akatazama magwanda, akatazama buti. Kisha akabana visigino, akanyoosha mikono ubavuni, akasema kwa sauti, "Jambo afande."

Majirani walicheka mpaka wakashikilia ukuta. Na mtoto hakuwa na kosa. Kota nzima imejaa watu wenye magwanda, kila mmoja anaitwa afande, wanakuja na wanaondoka. Huyu naye alikuwa afande mwingine. Baba Hema alicheka pamoja na wenzake. Halafu akaenda kuoga, na Shangazi anasema alikaa bafuni muda mrefu kuliko maji yaliyokuwa kwenye ndoo.

Binti huyo leo ni mwalimu wa shule ya msingi. Nilimwuliza anakumbuka nini. Akasema, "Nakumbuka nilikuwa namwona kama mgeni wa mama. Nilikuwa namletea maji kwa mikono miwili, halafu narudi nyuma nasubiri anirudishie kikombe. Alininunulia mdoli. Nikasema asante afande. Alipokuwa anakaa kwenye kochi, mimi nilikaa kwenye kizingiti cha mlango. Na kila siku namwuliza utaondoka lini. Sikumwuliza kwa ubaya. Nilitaka tu kujua."

Hebu jiweke mahali pake, msikilizaji. Umetoka mbali, umenusurika, na mtoto wako wa kumzaa anakuuliza kwa adabu zote utaondoka lini.

Basi mvua zikanyesha, na mvua zikikatika mahema huwa yanatolewa stoo yote, yanasimamishwa uwanjani yapigwe na jua. Yasipoanikwa yanaota ukungu na kunuka. Hiyo ilikuwa kazi ya Baba Hema na vijana wake. Siku hiyo Shangazi alikuwa na gauni la bibi harusi la kumalizia, na nyumba imejaa wasimamizi wanapimwa. Hakuna wa kumwangalia mtoto. Akamwambia mumewe, "Nenda naye. Ni wako huyo."

Akaenda naye. Binti akamfuata kwa nyuma, mbali kidogo, kama anavyofuata afande. Wakasimamisha hema la kwanza. Binti akachungulia. Akauliza, "Hii nyumba ya nani?"

Baba Hema akamjibu, "Nilipokuwa mbali, nilikuwa nalala kwenye nyumba kama hii."

Kumbe hilo ndilo lililokuwa limekwama: mtoto hakujua baba alikuwa wapi muda wote ule. Mtoto akaingia. Kitanda chako kilikuwa wapi? Akaonyeshwa, kitanda kikaletwa, kikafunguliwa. Viatu unaweka wapi? Chini hapa, vikitazama nje. Na hii? Neti. Na huku alikuwa analala nani? Rafiki yangu mmoja, anakoroma kama jenereta. Na chakula? Na ukitaka kwenda chooni? Na mvua ikinyesha? Baba Hema, yule mkali wa kamba, aliacha kazi akakaa chini kwenye turubai akajibu swali moja moja mpaka vijana wake wakamaliza uwanja mzima peke yao. Binti akapanda kitandani, akajifunika, akalala usingizi. Alipoamka akasema, "Baba, nina njaa."

Mwalimu anasema yeye mwenyewe hakumbuki kusema hivyo. Lakini baba yake alimsimulia habari hiyo mpaka siku ya harusi yake, mbele ya wakwe, na hakuna aliyethubutu kumkatiza.

Tangu hapo Baba Hema akawa na utaratibu wake. Kikosi kikikaribia kuondoka, yeye huomba ruhusa, anasimamisha hema moja uwanjani, anatandika vitanda, na watoto wa wanaoondoka wanaletwa. Kila mtoto anaonyeshwa mzazi wake atalala namna gani. Analala mwenyewe kitandani. Anafunga neti. Anasaidia kupanga begi. Kama ni mama ndiye anayeondoka, vivyo hivyo, watoto wanakuja kuona hema la akina mama.

Vituko vilikuwepo. Kuna mtoto alifundishwa na Baba Hema kwamba begi la askari halibebi kitu kisicho na kazi. Mtoto akaielewa amri hiyo vizuri mno. Baba yake alifika ng'ambo, akafungua begi, picha ya mke hamna. Mtoto alikuwa ameitoa. Alipoulizwa kwa simu akajibu, "Baba, picha ya mama ina kazi gani?" Mama mtu alinuna wiki nzima, na Baba Hema akalazimika kwenda kuomba radhi kwa kosa ambalo, ukimwuliza yeye, halikuwa kosa.

Wasikilizaji wapendwa, tuko pamoja. Tunamkumbuka sajini mstaafu, mtunza stoo, tuliyemwita Baba Hema. Sasa nafika kwenye sehemu inayonihusu mimi, na nikisita kidogo mtanivumilia.

Alikuja kamanda mpya. Kamanda huyu alikuwa mtu wa kanuni, na kusema ukweli kanuni zake zilikuwa na maana. Akasema kambi si uwanja wa michezo. Mtoto akijikata na kigingi, nani atajibu? Akatoa amri: watoto wasikanyage uwanja wala stoo, na wasiguse kifaa chochote cha kambi. Baba Hema akapiga saluti, akasema ndiyo afande. Mahema yakabaki stoo. Alikuwa karibu kustaafu, na amri ya kamanda si ombi. Angeivunja, angevuliwa cheo, na miaka yote ile ingeishia pabaya.

Na hapo ndipo kikosi cha baba yangu kikaambiwa kijiandae.

Nilikuwa na miaka minane. Nilikuwa nimeacha kula. Shuleni kwetu mwenzangu mmoja alikuwa ameniambia, kwa uhakika wa mtu aliyetoka huko jana, kwamba kule baba anakokwenda askari wanalala ndani ya mashimo, na mvua ikinyesha shimo linajaa. Sikumwambia mtu. Nilikaa na shimo lile kichwani. Nikiwekewa chakula, naliona shimo. Mama akanipeleka zahanati, nikapewa dawa ya minyoo.

Halafu usiku mmoja baba akaniona nimejikunja chini ya kitanda, najaribu kulala shimoni kama nilivyodhani atalala yeye. Ndipo nikasema. Baba akanieleza kwamba hakuna mashimo, lakini mimi niliona ananibembeleza tu. Kesho yake mama alikwenda kwa Shangazi kupunguziwa sketi, akamwaga yote ya moyoni. Shangazi akamwambia mumewe. Na Shangazi anasema Baba Hema hakusikitika kwanza. Alikasirika. Alisema, "Mashimo? Nani amesema mashimo? Mahema yangu yana sakafu."

Jumapili hiyo alitoa hema moja bovu lililokwisha kuondolewa kwenye vifaa vya kambi, lililokuwa linangoja kuchomwa. Lilikuwa limechanika ubavuni. Shangazi alilishona kwa cherehani yake, sindano mbili zikakatika. Wakalisimamisha nyuma ya jiko lao, pale penye kamba ya nguo. Baba yangu akaleta kitanda chake na neti yake. Akalala, miguu ikatokeza kwa mbele maana alikuwa mrefu, nikacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka baada ya siku nyingi. Kisha akanipisha, nikalala mimi. Nikafunga neti. Watoto wengine wa kikosi chao walikuwa wanangoja zamu nje, na kelele zao zilisikika mpaka getini.

Na zilisikika kwa kamanda. Nilisikia nje pamekuwa kimya ghafla. Nikasikia buti. Nikasikia sauti ikisema, "Sajini, nilitoa amri."

Baba Hema akajibu, na maneno haya baba yangu aliyarudia mezani mpaka nikayashika: "Ndiyo afande. Hema hili limeshaondolewa kwenye vifaa. Na hapa ni nyuma ya jiko langu. Kama nimekosea, nichukulie hatua mimi, ila watoto wamalizie kuona."

Pazia la hema likafunguka, kamanda akainama akaingia. Mimi niko kitandani, ndani ya neti, sijui kama natakiwa kusimama au kupiga saluti. Akanitazama. Akaitazama neti. Akauliza, "Nani amefunga hii?"

Nikasema, "Mimi."

Akasema, "Mbu watapita huku." Akapiga magoti, yule mtu na nyota zake begani, akaichomeka neti chini ya godoro, upande huu, upande ule, miguuni, kichwani, kwa utaratibu, bila haraka. Alipomaliza akaniuliza naogopa nini. Nikamwambia mashimo. Akasema, "Hakuna mashimo. Baba yako atalala hivi. Hivi hivi unavyolala wewe."

Yeye nilimwamini. Sijui kwa nini yeye nilimwamini na baba sikumwamini, labda kwa sababu hakuwa na sababu ya kunibembeleza. Akatoka nje, akamwambia Baba Hema, "Safari ijayo tumia hema zima, uwanjani, na mganga wa zahanati awepo. Hili linavuja." Akaenda zake. Shangazi anasema mumewe aliingia jikoni akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akaomba maji. Siku hiyo mimi nilikula sahani mbili.

Baba aliondoka. Wasikilizaji wapendwa, baba yangu hakurudi. Nasema tena taratibu: baba yangu hakurudi. Lori lake lilikanyaga bomu lililofukiwa barabarani.

Watu wazima walinificha. Nyumba imejaa wageni, mama amelala chumbani na akina mama wenzake, na kila nikiuliza naambiwa nikacheze. Mmoja akaniambia baba amechelewa kidogo. Mama ndiye aliyesema aitwe Baba Hema. Akaja na magwanda yake yaliyopigwa pasi, akakaa chini sakafuni, macho yake sawa na yangu. Akasema, "Baba yako amekufa. Gari lake lilikanyaga bomu. Hatarudi."

Nikamwuliza, "Alikuwa amelala?"

Akasema, "Hapana. Ilikuwa asubuhi. Alikuwa ameshaamka, ameshakunja neti yake, ameshavaa buti zake. Alikuwa kazini."

Nikalia. Akaniacha nilie. Hakuniambia ninyamaze, wala hakuniambia mtoto wa askari halii. Alikaa pale mpaka miguu yake ikafa ganzi, akashindwa kuinuka, ikabidi mjomba wangu amvute.

Mimi leo ni mtu mzima, nina watoto. Nimekutana na wengi waliofiwa wakiwa wadogo, na wengi wao wananiambia waliishi miaka na picha za kutisha walizojitungia wenyewe. Mimi sikuwa nazo. Nilipomkumbuka baba, nilimkumbuka kwenye kitanda ninachokijua, miguu imetokeza, neti imechomekwa vizuri. Nililia sana, lakini nilikuwa namlilia baba yangu, sikuwa nalilia shimo. Hilo nilipewa na mtunza stoo aliyeweka cheo chake rehani nyuma ya jiko lake. Namshukuru. Namshukuru kwa moyo wangu wote, na nilibahatika kumwambia hivyo akiwa hai. Alinijibu, "Basi, basi. Hema lenyewe lilikuwa linavuja."

Baba Hema alistaafu salama, na cheo chake. Alifuga kuku, akawapangia zamu. Mwaka huu figo zikamsumbua, akalazwa. Mwalimu, binti yake, anasema, "Wajukuu tuliwaambia babu amesafiri. Tuliona ni wadogo, na hali yake ilikuwa ya kutisha. Aliposikia akanikasirikia kwa namna ambayo sijawahi kuona. Akaniambia, safari ya wapi? Mimi nimesafiri wapi? Waleteni waone nilipo."

Muuguzi wa zamu alikataa, kisha akakubali. Wajukuu wakaingia. Babu akawaonyesha mipira aliyofungwa mwilini, mmoja mmoja. Huu unaleta maji. Huu unaleta hewa. Mashine hii inapiga kelele lakini haiumi. Yule mdogo, wa kiume, akauliza kama anaruhusiwa kupanda. Akapandishwa, akalala kando yake, akatazama dari. Akasema, "Babu, hapa pazuri. Ila taa kali." Babu akasema kweli, taa kali. Siku ya pili yake mchana, akafariki.

Jumamosi nilikuwa makaburini. Watu walijaa. Askari wa zamani, askari wa sasa, na sisi watoto wa kota tuliozeeka. Jeneza liliposhushwa, yule mjukuu mdogo akasogea mpaka ukingoni. Wazee wakamvuta mkono, mmoja akasema mtoto asikae hapa, mpelekeni kwenye gari. Shangazi, ambaye alikuwa ameketi muda wote, akasimama. Akasema, "Mwacheni. Mwacheni aone."

Wakamwacha. Mtoto akachungulia. Akamwuliza bibi yake, "Babu atatoka lini?"

Shangazi akasema, "Hatoki, mume wangu mdogo. Hapa ndipo anapokaa sasa."

Mtoto akafikiri. Hakulia. Akashika sketi ya bibi yake, akasimama pale pale mpaka koleo la mwisho la udongo, na hakuna mtu mzima aliyemgusa tena.

Kwa niaba ya kipindi hiki, na kwa niaba ya mama yangu ambaye najua anasikiliza na najua analia, natoa pole kwa Shangazi, kwa mwalimu, kwa wajukuu, na kwa wote waliowahi kunyimwa kamba na mzee huyu. Mungu amrehemu.

Na wewe dereva wa masafa marefu, mlinzi, muuguzi wa zamu, baharia, mchimba migodi. Una mtoto nyumbani ambaye kila ukitoka unamwambia naenda kazini, basi. Yeye hanyamazi kichwani mwake. Anabuni unapokwenda, na anachobuni kinatisha kuliko kazi yako. Ukipata siku, mchukue. Mwonyeshe unakaa wapi, unakula wapi, unalaza wapi kichwa. Mwache aulize mpaka achoke. Mimi nilionyeshwa mara moja tu, alasiri moja, nyuma ya jiko la watu, na imenitosha maisha yangu yote.